Namna ya Kuandika Maisha ya Soka ya Winga wa Zamani, kwa Mfano wa Bobby Templeton wa Uskoti

Mwongozo huu ni kwa ajili ya vijana wa Dodoma walioanza kuandika makala za soka au kuandaa vipindi vya michezo vya redio, na ambao wamechoka kurudia habari za usajili wa Simba na Yanga ambazo kila kijiwe cha bodaboda kimekwisha kuzichambua kabla ya saa nne asubuhi. Unahusu kazi moja: kumchukua mchezaji wa zamani, aliyecheza kabla ya televisheni na hata kabla ya jezi kuwa na namba, na kuyaandika maisha yake ya uwanjani kwa namna ambayo msomaji anaweza kuiamini. Mfano nitakaoutumia ni Robert Bryson Templeton, aliyejulikana zaidi kama Bobby, aliyezaliwa tarehe 22 Juni 1879 katika kijiji cha Coylton, Ayrshire, kusini-magharibi mwa Uskoti, na ambaye alikuwa miongoni mwa mawinga waliosifiwa kwa chenga katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20.

Nimemchagua winga kwa makusudi. Mshambuliaji wa kati huacha mabao, na mabao huhesabika. Golikipa huacha mechi ambazo hakufungwa. Winga wa zama zile aliacha kelele za mashabiki tu, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa akihesabu krosi wala pasi za mabao. Mwandishi akifungua jedwali na kukuta kwamba Templeton aliichezea Uskoti mara 11 akafunga bao 1, anaweza kudhani kwamba hapo hapana mchezaji wa kuandikiwa makala. Kazi yote iliyoelezwa hapa chini inalenga kumwepusha mwandishi na dhana hiyo, na wakati huohuo kumwepusha na kosa la upande wa pili, yaani kumpamba mchezaji kwa sifa ambazo hazina ushahidi.

Panga tarehe kabla ya kuandika sentensi

Nunua daftari kubwa la kaunta katika stesheneri yoyote, ufungue kurasa mbili zinazotazamana, uchore safu sita: tarehe, mahali, klabu aliyokuwa nayo, mpinzani, kilichotokea, na ulikokipata. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo utakayoihitaji zaidi pale msikilizaji atakapopiga simu kipindini na kukubishia. Simu ya mkononi inaweza kufanya kazi hiyohiyo, lakini mimi hupendelea karatasi kwa sababu mtu akiziona kurasa mbili kwa pamoja hugundua haraka pale ambapo mchezaji yuko katika miji miwili kwa siku moja.

Ukianza kumjazia Templeton mistari yake, mpangilio wa jumla utakuwa hivi: Aston Villa ya Birmingham kuanzia 1898 hadi 1903, Newcastle United hadi 1904, Woolwich Arsenal hadi 1906, Celtic ya Glasgow hadi 1907, Kilmarnock hadi 1913, Fulham ya London hadi 1915, kisha akarejea Kilmarnock. Alifariki mjini Kilmarnock tarehe 2 Novemba 1919, akiwa na umri wa miaka 40. Huo ni mfupa tu. Usikimbilie kuuandika kama aya ya kwanza ya makala, kwa sababu orodha ya klabu haimfundishi msomaji jambo lolote, na tena ndani ya orodha hiyo kuna mitego kadhaa ambayo mwandishi mwenye haraka hunaswa nayo.

Mtego wa kwanza ni mataji. Aston Villa ilikuwa bingwa wa England mwaka 1899 na 1900, wakati Templeton alikuwa mchezaji wa klabu hiyo. Newcastle ilitwaa ubingwa katika msimu wa 1904/05, na yeye aliihama Newcastle mwaka 1904. Celtic ilitwaa ligi na Kombe la Uskoti kwa mpigo mwaka 1907, naye alikuwapo. Mtu anayejumlisha kwa pupa atamwandikia Templeton kabati zima la vikombe. Zama hizo kikosi hakikuwa na wachezaji wa akiba wa kuingia kipindi cha pili. Aliyeanza mechi ndiye aliyeimaliza, na asiyeanza alibaki nje kabisa, kwa hiyo mtu aliweza kuwa mali ya klabu bingwa msimu mzima na kucheza mara chache sana. Kanuni ya kufuata ni hii: andika kwamba klabu ilitwaa taji wakati fulani, na usiandike kwamba mchezaji alitwaa taji mpaka uwe umezihesabu mechi zake za ligi katika msimu huo na umeona kwamba alishiriki kweli. Kwa Newcastle angalia tarehe ya uhamisho kwanza, kisha ndipo uzungumze habari ya ubingwa.

Mtego wa pili ni majina na mahali. Woolwich Arsenal aliyoichezea Templeton ni mama wa Arsenal ya leo, lakini ilikuwa na makao yake Plumstead, kusini-mashariki mwa London, na ilihamia Highbury, kaskazini mwa jiji, mwaka 1913 tu, wakati yeye alikuwa amekwishaondoka zamani. Mashabiki wa Arsenal tulio nao hapa Dodoma ni wengi na wana kumbukumbu kali. Ukimweka Templeton Highbury watakuumbua siku hiyohiyo. Tumia jina la klabu kama lilivyokuwa katika mwaka unaouzungumzia, kisha eleza mara moja tu kwamba ndiyo klabu inayofahamika kwa jina la leo.

Mtego wa tatu ni upande wa uwanja. Templeton hutajwa katika maandishi mengi kama winga wa kushoto, na ni kweli kwamba alicheza kushoto mara nyingi, lakini mwaka 1902 alipangwa winga ya kulia katika timu ya taifa, kwa kuwa kushoto kulikuwa na Alec Smith wa Rangers. Kwa sababu jezi hazikuwa na namba, nafasi ya mchezaji inajulikana kwa mpangilio wa majina katika gazeti: magazeti yalimtaja golikipa, kisha mabeki wawili, kisha viungo watatu, kisha washambuliaji watano kutoka kulia kwenda kushoto. Ukiifahamu desturi hiyo, jina la kwanza kati ya yale matano ni winga wa kulia na la mwisho ni winga wa kushoto, na utaweza kuusoma upande wake hata pale mwandishi wa wakati ule hakuutaja.

Mechi moja inayostahili mistari miwili

Katika maisha ya kila mchezaji kuna mahali ambapo mwandishi anapaswa kupunguza mwendo. Kwa Templeton mahali hapo ni Aprili na Mei 1902, na nitapaeleza kwa kirefu kwa sababu panaonyesha namna ukweli wa takwimu na ukweli wa tukio unavyoweza kutofautiana.

Tarehe 5 Aprili 1902 Uskoti iliikaribisha England katika uwanja wa Ibrox, Glasgow. Templeton alikuwa na umri wa miaka 22, na hiyo ndiyo siku aliyovaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza. Upande wa magharibi kulikuwa na jukwaa refu la kusimama, lenye sakafu ya mbao juu ya fremu ya chuma, lililojengwa muda mfupi kabla yake. Mchezo ulipokuwa katika kipindi cha kwanza, sehemu ya sakafu hiyo ilivunjika na mamia ya watu wakatumbukia chini kutoka kimo cha takriban mita 12. Watu 25 walifariki na zaidi ya 500 walijeruhiwa. Mchezo ulisimama, kisha ukaendelea mpaka mwisho, kwa sababu wasimamizi waliogopa kwamba umati uliobaki ungezua taharuki mbaya zaidi endapo ungeambiwa uondoke. Ulimalizika kwa sare ya bao 1–1.

Sasa tazama kinachotokea katika daftari lako. Wakuu wa soka waliamua kwamba mechi hiyo isihesabiwe, na ikachezwa upya tarehe 3 Mei 1902 katika uwanja wa Villa Park, Birmingham, mapato yakaenda kwa waathirika wa maafa yale. Timu zilitoka sare tena, 2–2, na moja kati ya mabao ya Uskoti lilifungwa na Templeton. Maana yake ni kwamba kitabu rasmi kinamwanzishia timu ya taifa Mei 3, ugenini England, ilhali miguu yake ilianza Aprili 5, nyumbani Glasgow. Maana yake pia ni kwamba bao lake pekee kwa Uskoti alilifunga katika uwanja wa klabu yake mwenyewe, kwa kuwa wakati huo alikuwa mchezaji wa Villa, mbele ya watu ambao Jumamosi nyingine walikuwa wakimshangilia na siku hiyo walitaka afungwe. Jambo hilo halionekani popote katika jedwali. Linaonekana pale tu ambapo safu ya mahali na safu ya klabu zimewekwa kando kwa kando.

Andika mistari miwili, mmoja kwa kila tarehe, na katika ule wa kwanza weka alama ya kuonyesha kwamba haumo katika hesabu rasmi. Katika makala yako sema yote mawili waziwazi. Usiufiche ule wa kwanza kwa hoja kwamba ulifutwa, maana watu 25 waliokufa hawakufutwa. Wala usiuongeze katika hesabu ukapata mechi 12, maana utapingana na kumbukumbu zote zilizochapishwa.

Kuna jambo jingine katika tukio hilo linalohitaji mkono wa tahadhari. Tangu zamani imesimuliwa kwamba jukwaa lilianguka kwa sababu watu walijisogeza na kuinama kwa pamoja ili wamwone Templeton akikimbia na mpira pembeni. Ni simulizi linalomvutia mwandishi yeyote: winga mwenye chenga tamu kiasi cha kuangusha jukwaa. Lakini lisome tena ukiwa umetulia. Linamtwisha kijana wa miaka 22 mzigo wa vifo ambavyo havikuwa vyake. Baada ya maafa hayo mjadala ulihusu ubora wa mbao zilizotumika, aliyeleta mbao hizo alishtakiwa na kuachiwa huru, na majukwaa ya aina ile yakaanza kuachwa, nafasi yake ikichukuliwa na ngazi za kusimama zilizojengwa juu ya tuta la udongo au kwa zege. Umati kuinama upande mmoja ni jambo la kawaida katika kila uwanja. Jukwaa linalostahili jina hilo hujengwa likijua kwamba watu watainama. Kwa hiyo mweleze msomaji kwamba simulizi hilo lipo, kisha mweleze habari za mbao. Atapima mwenyewe.

Mpime kwa kipimo cha zama zake

Baada ya tarehe kukaa sawa, kazi inayofuata ni kuelewa ni mchezo gani hasa mtu wako alikuwa akiucheza, kwa sababu sheria hazikuwa hizi. Jambo kubwa kwa winga ni kuotea. Katika miaka yote ya Templeton, mshambuliaji alihesabiwa kuwa ameotea asipokuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli wakati mpira unapigwa. Idadi hiyo ilipunguzwa kuwa wawili mwaka 1925, miaka sita baada ya kifo chake. Tena, mpaka mwaka 1907 mtu aliweza kuotea hata akiwa katika nusu yake ya uwanja. Ukiyafahamu hayo utaelewa kwa nini winga wa wakati ule alisifiwa zaidi kwa kuuchukua mpira mguuni na kuwapita mabeki mmoja baada ya mwingine: kukimbilia nafasi nyuma ya beki na kusubiri pasi ndefu, kama wafanyavyo mawinga tunaowaona kwenye luninga, kulikuwa karibu haiwezekani. Chenga zake hazikuwa madoido. Zilikuwa ndiyo njia iliyokuwa wazi.

Pima pia wingi wa mechi. Mechi 11 za timu ya taifa leo ni kazi ya mwaka mmoja au miwili. Katika zama za Templeton, Uskoti ilikuwa na wapinzani watatu tu, yaani England, Wales na Ayalandi, na ilikutana na kila mmoja mara moja kwa mwaka. Haikwenda kucheza nje ya visiwa vile mpaka mwaka 1929. Yeye alichezea taifa kati ya 1902 na 1913. Ukizidisha misimu hiyo 12 kwa mechi tatu unapata 36, na hapo 11 zinakuwa karibu theluthi ya nafasi zote zilizokuwapo, tena kwa mtu aliyekuwa akigombea nafasi moja na mawinga wote wa nchi iliyojaa mawinga. Fanya hesabu ya namna hiyo kila mara kabla ya kusema kwamba mchezaji alicheza mechi nyingi au chache.

Ili msomaji akubali kwamba mabao hayampimi winga, inafaa umpe mtu wa kulinganisha naye, na kwa Uskoti hakuna anayefaa kuliko Alan Morton, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1893, akachezea Queen's Park ya ridhaa na kisha Rangers kuanzia 1920 hadi 1933. Morton alikuwa mfupi, alikuwa na taaluma ya uhandisi wa migodi pembeni ya soka, na aliichezea Uskoti mara 31 akafunga mabao 5 tu. Hata hivyo, tarehe 31 Machi 1928, Uskoti ilipoifunga England 5–1 uwanjani Wembley, Alex Jackson alifunga matatu na Alex James mawili, na yale matatu ya Jackson yalitokana na krosi za Morton kutoka kushoto. Katika jedwali la mabao la siku ile Morton ni mtu ambaye hakuwapo. Ukiweka mfano huo mmoja ndani ya makala ya Templeton, kwa sentensi mbili au tatu, utakuwa umemaliza ubishi. Usiurefushe, kwa sababu Morton ni mkubwa na atakumezea mtu wako.

Kuhusu fedha, neno fupi linatosha. Katika ligi ya England kuanzia 1901 mshahara wa mchezaji uliwekewa kikomo cha pauni 4 kwa wiki, na mwaka 1905 ada ya kwanza ya uhamisho ya pauni 1,000 ililipwa kwa ajili ya Alf Common, jambo lililozua kelele nyingi. Usijaribu kuzigeuza pauni hizo kuwa shilingi za leo. Utapata tarakimu kubwa ambayo haimaanishi kitu.

Habari ya simba

Kila mchezaji wa zamani ana kisa kinachomfuata, na cha Templeton ni kwamba mwaka 1908, katika maonyesho ya wanyama mjini Glasgow, aliingia katika tundu la simba kwa sababu ya dau na akamvuta mkia mnyama huyo. Wengine huongeza kwamba aliingiza na kichwa kinywani. Mwandishi anajikuta njia panda, kwa sababu kisa ni kitamu na kila mtu atakipenda, na kwa sababu hiyohiyo kinapaswa kumtia mashaka.

Utaratibu ninaoushauri ni kukitafuta kisa katika maandishi ya karibu na wakati wenyewe, kuona ni sehemu gani inarudiwa na wote na ni sehemu gani hubadilika, kisha kuandika ile inayorudiwa kwa kitenzi cha kusimulia: inasimuliwa kwamba, husemwa kwamba. Sehemu inayokua kila inaposimuliwa, kama vile hicho kichwa kinywani, iache. Na ujue msomaji wako ni nani. Makala yako itasomwa na watu wenye ndugu Iringa na Pawaga, kando ya hifadhi ya Ruaha, ambao simba kwao si mnyama wa maonyesho. Ukiwaandikia kwamba winga mmoja alimzungusha simba mkia na kutoka salama, bila kueleza kwamba ni mnyama wa kufugwa aliyezoea watu, watacheka, na kicheko hicho kitaifuata makala yako yote mpaka kwenye tarehe ulizozitafuta kwa jasho.

Kisa kiwekwe katikati ya makala. Ukikiweka mwanzoni, msomaji atamkumbuka Templeton kama mtu wa simba na atasahau kwamba alikuwa mchezaji.

Unakozipata habari ukiwa Dodoma

Hapa sitakaa sana. Mtandaoni zipo kumbukumbu za mechi za kimataifa za Uskoti na England, zilizopangwa kwa tarehe na vikosi, na hizo hupatikana bure. Anza nazo, kwa sababu mechi ya taifa ina kumbukumbu safi kuliko ya ligi. Magazeti ya Uingereza ya wakati ule yamewekwa katika hifadhi ya British Newspaper Archive, ambayo hutoza ada, kwa hiyo kusanya maswali yako yote kwanza, ulipie muda mfupi, ufanye kazi yote kwa mfululizo. Kumbukumbu za uzazi na vifo za Uskoti nazo zipo kwa malipo. Ukiwa na nafasi ya kuingia maktaba ya chuo, iwe ni Chuo Kikuu cha Dodoma au Mtakatifu Yohana, itumie kwa ajili ya intaneti na utulivu, maana kupakua kurasa za gazeti kwa bando la simu ni gharama isiyo na sababu.

Habari isiyo na chanzo zaidi ya kimoja iweke kwa penseli. Na ukikuta kurasa mbili za mtandaoni zinakubaliana neno kwa neno, zihesabu kuwa moja, kwa sababu mojawapo imenakili.

Kuandika na kusoma hewani

Sasa ndipo uandike. Anza na siku, mahali na tendo. Sentensi kama hii haifai: "Bobby Templeton alikuwa mchezaji mahiri sana aliyezichezea klabu nyingi kubwa na kuacha alama isiyofutika." Kila neno lake linaweza kubandikwa kwa mchezaji mwingine yeyote. Linganisha na hii: "Tarehe 3 Mei 1902, katika uwanja wa Villa Park ambao alikuwa akiuchezea kila wiki mbili, Bobby Templeton alivaa jezi ya Uskoti na kuifunga England." Ya pili ina tarehe, ina mahali, ina mvutano, na haijamsifu mtu hata mara moja. Sifa mwachie msomaji.

Kisha rudi nyuma hadi Coylton na 1879, upite Birmingham haraka, usimame Ibrox kwa kirefu, ueleze kuotea pale ambapo chenga zinatajwa kwa mara ya kwanza, na usizigawe klabu zake sita aya sawa. Celtic na Newcastle, ambako alikaa kwa muda mfupi, zinatoshwa na sentensi moja moja. Kilmarnock inahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa sababu alikaa huko miaka sita, na akiwa mchezaji wa klabu hiyo ndogo alirudishwa katika timu ya taifa. Alikuwamo mwaka 1910 Uskoti ilipoifunga England 2–0 uwanjani Hampden.

Kwa msikilizaji wa Dodoma unaweza kutia nanga moja ya hapa nyumbani ili mwaka upate uzito: huo mwaka wa 1910 ndio ambao reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma. Moja inatosha. Ukiweka nanga katika kila aya, Templeton atageuka kuwa mgeni katika makala yake mwenyewe.

Kama unaisoma redioni, sikiliza kwanza namna majina ya Kilmarnock na Ibrox yanavyotamkwa na wenyewe, uyaandike pembeni ya hati kwa herufi zitakazokusaidia, na uyatamke vilevile toka mwanzo hadi mwisho. Tarakimu zisizidi mbili katika sentensi moja ya redio. Gazetini msomaji anaweza kurudi juu. Redioni hakuna kurudi.

Kuuleta utaratibu huu Uwanja wa Jamhuri

Sababu ya kuanza na mtu wa mbali kama Templeton ni kwamba habari zake zimekwisha kuchapishwa, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kujipima. Baada ya hapo daftari lilelile lifunguliwe kwa ajili ya mawinga walioumwaga mpira pembeni mwa Uwanja wa Jamhuri katika siku za timu za CDA na Waziri Mkuu za hapa Dodoma, mawinga ambao wengi wao hawana hata ukurasa mmoja.

Kazi ya hapa ina ugumu wa aina nyingine, kwa sababu chanzo kikuu ni wazee, na mzee hasemi tarehe. Ukimwendea mzee wa mtaa wa Majengo au wa Kikuyu hapa Dodoma, salamu kwanza, tena salamu kamili, na usitoe kinasa sauti mpaka uwe umemwomba ruhusa. Badala ya kumuuliza mwaka, muulize kocha alikuwa nani, jezi zilikuwa rangi gani, walisafiri kwa gari la nani, na mtoto wake yupi alikuwa amezaliwa. Majibu hayo manne utayapeleka katika magazeti ya Uhuru na Mfanyakazi ya miaka inayokaribiana, na mara nyingi mechi itajitokeza yenyewe. Mzee akikwambia kwamba alifunga mabao matatu na gazeti likasema mawili, usirudi kumshitaki; rudi umuulize lile la tatu liliingiaje, kwa maana huenda mwamuzi alilikataa, na hapo utakuwa umepata kisa ambacho gazeti halikukiandika. Andika hesabu ya gazeti, kisha andika anavyosema mzee, kila kimoja kwa jina la mwenyewe, kama ulivyofanya kwa Aprili 5 na Mei 3.

Nakala ya makala ikikamilika, mpelekee mzee aisome au asomewe kabla haijatoka, na umwachie muda wa kutosha wa kusahihisha majina ya wenzake, kwa kuwa hayo ndiyo atakayoulizwa na watu wa mtaani kwake.